BIBI ZETU WA SINGIDA NA SARATANI

Katika vijiji vya Singida, tangu Iramba hadi Manyoni, bibi ni nguzo ya nyumba. Yeye hulea wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda mijini kutafuta kazi. Hupalilia mtama na alizeti, naye ndiye mwangalizi wa kuku na ghala. Akianza kudhoofu, watu husema, "Ni uzee tu." Yatupasa kuikataa kauli hiyo, kwa kuwa uzee si maradhi, na saratani si uzee.

Miongoni mwa wanawake wa Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza, ikifuatwa na ile ya matiti. Makisio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wa mlango wa kizazi zaidi ya 10,000 nchini kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Vifo vingi hivyo vyatokana na kuchelewa.

Chanzo chake si uchawi, wala si laana. Ni kirusi kiitwacho papiloma, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mara nyingi mwili hukishinda kirusi hicho. Kisiposhindwa, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Basi kilichoingia ujanani huweza kuonekana uzeeni, hata kwa mwanamke aliyeishi na mume mmoja maisha yake yote. Hapana sababu ya kumnyooshea kidole.

Taifa halikukaa kimya. Chanjo ya wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 dozi moja yatosha kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Uchunguzi wa kutumia siki nao umelengwa hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Lakini bibi wa miaka 65 je? Chanjo ilipofika alikwisha kuwa na wajukuu, na uchunguzi ulipofika kijijini umri wake ulikwisha pita. Tena baada ya hedhi kukoma, sehemu inayopaswa kutazamwa hujificha ndani, na siki haitegemeki.

Hiyo si sababu ya kumsahau. Uingereza huwaita wanawake kupimwa hadi umri wa miaka 64. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2021 kwamba penye uwezo, wanawake wa miaka 50 hadi 65 ambao hawajapimwa kamwe wapimwe. Kipo kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe, ambacho mwanamke huweza kujichukulia sampuli kwa faragha.

Zipo dalili ambazo kila nyumba izijue. Damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, si jambo la kawaida. Uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya nyonga yasiyokwisha, uvimbe katika titi, au chuchu iliyozama ndani: yote hayo ni ya kupelekwa hospitali bila kungoja mavuno.

Twajua kikwazo cha safari. Matibabu ya mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 700 kutoka Singida mjini, na Bugando, Mwanza. Nayo huchukua majuma kadhaa. Nauli, chakula na msindikizaji ni mzigo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yataka wazee wasio na uwezo watibiwe bure, lakini sera haipandi basi. Mzigo huo ni wa wana walioko mijini, vyama vya ushirika, makanisa na misikiti.

Kikwazo kingine ni haya. Mtoto wa kiume hawezi kumwuliza mama yake habari za damu, heshima yamzuia. Lakini mjukuu wa kike ana utani na bibi yake, naye aweza kuuliza. Na aulize. Viongozi wa vijiji nao, waganga wapimaji wanapokuja, wasiwaite vijana peke yao.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio hicho tusikingoje. Tuwaulize bibi zetu leo.