Kapasita ya Pawa Saplai: Kuchagua Mbadala kwa Hesabu

Watahiniwa wengi huisoma kapasita kwenye umemetuli, wakakutana nayo tena kwenye elektroniki Kidato cha Nne, wasione kwamba ni kitu kilekile. Hapa tutaitazama ndani ya amplifaya ya shule moja ya milima ya Upare, iliyoanza kuvuma wiki mbili kabla ya mahafali. Spika zilinguruma hata kabla mtu hajasema neno. Tulichomoa maikrofoni, mvumo ukabaki. Tulishusha sauti hadi sifuri, bado ukabaki. Hapo unajua tatizo haliji na maikrofoni wala waya wake. Linatoka kwenye pawa saplai.

Umeme wa gridi yetu ni volti 230, Hz 50. Transfoma huushusha, kisha dayodi nne huzigeuza nusu za mawimbi zilizo hasi ziwe chanya. Kwa kuwa kila wimbi sasa linatoa vilele viwili, tunapata vilele 100 kwa sekunde, yaani kimoja kila sekunde 0.01. Ndiyo maana mvumo wa kapasita iliyochoka ni wa Hz 100, si 50. Swali hili huwakamata wengi.

Kazi ya kapasita ni kujaza bonde kati ya kilele na kilele. Aliyekulia Same ameshaona kitu cha namna hiyo: ndiva. Kijito kinaleta maji machache, ndiva inayakusanya usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa wingi kuliko kijito chenyewe kingeweza kutoa. Eneo la ndiva ni kama kapasitansi. Likiwa kubwa, kina hushuka kidogo tu unapochota. Urefu wa ukuta ni kama volti iliyoandikwa kwenye kapasita. Ndiva pana yenye ukuta mfupi bado itabomoka maji yakizidi kina chake. Shika tofauti hiyo, kwa sababu kosa langu mwenyewe lilianzia hapo.

Tuanze na kapasitansi. Q = CV na Q = It, kwa hiyo volti inayoshuka kati ya vilele ni takribani:

ΔV = It ÷ C

Amplifaya yetu ilivuta ampea 2 ikipigwa kwa nguvu, na kapasita yake iliandikwa maikrofaradi 4700.

ΔV = (2 × 0.01) ÷ 0.0047 = volti 4.3

Hicho ni kiasi ambacho saketi ilitengenezwa kukivumilia. Lakini kimiminika cha ndani ya kapasita kikikauka, kapasitansi hupungua. Ikibaki maikrofaradi 1000, ΔV inakuwa volti 20, na hakuna wimbo utakaosikika vizuri juu ya volti inayopanda na kushuka hivyo.

Je, tuweke kubwa zaidi, tuseme 22000? Mafundi wengine hupenda hivyo. Mvumo utapungua, ndiyo, lakini kapasita tupu inapowashiwa umeme huvuta mkondo mkubwa sana kwa muda mfupi. Fyuzi hukatika, na dayodi huumia kidogo kidogo. Ukikosa 4700, chukua 6800. Kushuka hadi 3300 ni kurudisha mvumo mlangoni. Waweza pia kuunga mbili za 2200 sambamba upate 4400, ambayo inatosha, kwani kapasita za aina hii kwa kawaida huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Ukiziunga kwa mfuatano utapata 1100 tu. Usichanganye na rezista!

Sasa volti. Transfoma ilitoa volti 24 za AC. Mwanafunzi wa haraka atasema kapasita ya volti 25 inatosha. Hapana: 24 ni thamani ya rms, na kapasita hujaa hadi kileleni.

Kilele = 24 × 1.414 = 33.9
Toa volti 1.4 za dayodi mbili zinazopitisha kwa wakati mmoja = volti 32.5

Mimi nilifanya hesabu hii, nikaona duka lina ya volti 35 pekee, nikaichukua. 32.5 ni chini ya 35, au siyo? Usiku watu wakizima vifaa vyao, volti hupanda. Nilipopima baadaye, soketi ilisoma 250.

24 × (250 ÷ 230) × 1.414 − 1.4 = volti 35.5

Na transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikiwa. Usiku wa pili wa mazoezi kapasita ilivimba kichwani, ikafoka harufu kali. Mahafali majina yalisomwa kwa sauti ya koo, na wazazi wa viti vya nyuma, waliotembea tangu alfajiri kutoka vijiji vya juu, hawakusikia watoto wao wakiitwa. Chagua angalau moja ya tano juu ya volti ya kilele: hapa ni 39, na saizi inayouzwa inayofuata ni 50. Kuzidi, mfano 63, hakudhuru, mradi ienee kwenye nafasi yake.

Angalia pia joto lililoandikwa ubavuni, 85°C au 105°C. Kwa kanuni ya makadirio, kila joto likipungua nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka mara mbili. Mbili zilizopimwa kwa saa 2000, zikifanya kazi kwenye 65°C, ya 85 itadumu saa 8000 na ya 105 saa 32000. Kwa jua la Same mjini, ndani ya boksi lililo chini ya bati, sioni sababu ya kununua ya 85.

Kabla ya kugusa, chomoa waya ukutani. Kapasita hubaki na chaji: ½CV² kwa 4700 na volti 32.5 ni juli 2.5, inayotosha kurusha cheche na kula ncha ya bisibisi. Tumia rezista ya oumu 1000, wati 5, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira. RC ni sekunde 4.7, ngoja RC tano, kama sekunde 24, kisha hakikisha kwa multimita. Unapofunga mpya, mstari wenye alama ya kutoa uende upande hasi. Ukigeuza, itachemka na kupasuka.

Jipime: Transfoma ya volti 12, dayodi nne, mkondo wa ampea 1, na ΔV isizidi volti 3. Tafuta kapasitansi ndogo kabisa inayofaa, kisha chagua volti kati ya 16, 25 na 35.

Jibu: C = (1 × 0.01) ÷ 3 = maikrofaradi 3333, kwa hiyo nunua 4700, maana 3300 iko chini kidogo. Kilele ni 17.0 − 1.4 = 15.6, ongeza moja ya tano upate 18.7. Chagua 25.