Jazi ya Watu Wanne

Ukitaja jazi watu hufikiria Wamarekani na matarumbeta yao. Mimi nataka kuwaeleza jazi ya kwetu, ile ya benga, kwa kufuata seti iitwayo Retracing the Benga Rhythm. Ilitolewa Nairobi mwaka wa 2008 na Ketebul Music: kijitabu, sidii ya nyimbo na dividii ya masimulizi. Mjomba wangu hapa Adungosi anayo na haiazimi kwa mtu. Ukitaka kusikiliza, utaketi kwake.

Bendi nyingi za benga zilijiita Jazz, kama Shirati Jazz ya D.O. Misiani na Victoria Jazz ya Collela Mazee. Kongo walitangulia: African Jazz ya Kabasele ilianza 1953, OK Jazz 1956. Siku hizo jina hilo lilipewa bendi yoyote ya kisasa yenye magitaa. Kwa hivyo yule mwenzetu wa Kidato cha Tatu anayebisha kwamba "hiyo si jazi" amekwama kwenye jina tu, muziki wenyewe hajausikiliza.

Wacha nieleze unavyofanya kazi. Mpigaji nyatiti wa Kiluo ni mtu mmoja mwenye kazi nyingi. Vidole vinadonoa nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga chombo, njuga zinalia mguuni, na mdomo unaimba. Benga ilimchukua bwana huyo ikamgawa kwa watu wanne: gitaa la solo, la ridhimu, la besi, na ngoma. Besi hapa si ya kusindikiza. Inarukaruka mbele kabisa. Mwimbaji akimaliza mstari, solo inamjibu kana kwamba wanabishana.

Utamu wenyewe uko upande wa pili. Sahani ndogo ya 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, basi wimbo ulikatwa sehemu mbili. Upande wa kwanza mwimbaji anasimulia kisa chake. Ukigeuza, maneno yanapungua, mwendo unakaza, magitaa yanaachiwa uwanja. Anayezima baada ya upande wa kwanza hajasikia benga, hata ajigambe vipi.

Muziki huu haukujua mpaka. Misiani, aliyefariki 2006 kwa ajali ya barabarani, alikuwa Mtanzania mzaliwa wa Shirati aliyevuma akiwa Kenya. Zimbabwe nako benga iliitwa "kanindo", kwa jina la mtayarishaji wetu Oluoch Kanindo aliyezisambaza sahani hizo. Malaba lori husimama foleni. Wimbo ulipita tu.

Lakini sahani hazidumu. Mjomba alikuwa na boksi zima, zimebaki tatu, nazo zimepindishwa na jua. Bila seti ile tungebaki na hadithi. Ndiyo maana naifikiria akogo yetu sisi Wateso, ile ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kijijini kwetu namjua mzee mmoja tu anayeipiga vizuri. Nimemwomba nimrekodi kwa simu. Amekubali, ila baada ya mavuno, tena niwatafute wapigaji wengine, kwa sababu akogo ndogo hujibiwa na kubwa, na moja peke yake ni kama mtu anayejisemea. Likizo ya Agosti tutaanza kuwatafuta. Anayemjua mpigaji upande wa Amukura au Busia ampe katibu wa chama habari kabla shule haijafungwa.