Kipanya Kisicho na Waya Kikikatakata

Ndugu zetu wa vikundi, Jumamosi moja tulikaa na akina mama wa upande wa Shinyalu kufunga hesabu ya mikopo. Kipanya cha kompyuta, ile mausi isiyo na waya, kikawa kinakufa na kufufuka. Mshale unaruka, karani anabonyeza mahali pengine, na mkopo mmoja ukaonekana umelipwa. Minong'ono ikaanza juu ya karani.

Kipanya hiki huongea na kompyuta kwa mawimbi ya redio, kupitia kipokezi kidogo kama ukucha kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kwanza badilisheni betri. Kwa vipanya vingi ni ile ile ya saa ya ukutani. Pangusa pia kutu kwenye vyuma vinavyoishika.

Sisi tulibadilisha, na bado! Hapo ndipo wengi hukitupa bure. Tukatazama tundu: lilikuwa la buluu, na kando yake flashi ya mwendo wa kasi. Vifaa hivyo vikifanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale ya kipanya, gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel ilieleza jambo hilo mwaka wa 2012. Tukahamisha kipokezi hadi tundu jeusi upande wa pili, kikatulia. Kama hakuna tundu lingine, tumieni waya mfupi wa kuongeza urefu, kipokezi kikae mbali na flashi.

Hesabu tulirudia mstari kwa mstari tukifuata daftari, na ule mkopo ukarudishwa mahali pake, mama karani akisoma kwa sauti.