Dubai hadi New York: Aliyefunga Afuturu kwa Saa ya Wapi?

Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wenye jamaa Marekani husafiri kwa kupitia Dubai. Kutoka hapo hadi New York ni takriban kilomita 11,000, na ndege huchukua kiasi cha saa 14 bila kutua.

Tuchukue mfano wa mwisho wa Februari. Msafiri amefunga Dubai, alfajiri imeingia kama saa 11:30, na ndege imeruka saa 2:30 asubuhi. Akitua New York itakuwa saa 7:30 mchana wa siku ileile, kwani wakati huo New York iko nyuma ya Dubai kwa saa 9. Ndege inaelekea magharibi, inalifuata jua, na mchana unarefuka.

Basi saa ya mkononi itamwambia Magharibi ya Dubai imeshaingia, na dirishani jua bado linawaka. Haijuzu kufuturu wala kuswali Magharibi kwa saa hiyo. Kinachozingatiwa ni kuzama kwa jua pale alipo yeye, angani au ardhini. Katika safari hii litazama ameshatua, karibu na saa 11:40 jioni ya New York. Hiyo ni saumu ya kama saa 21!

Asiyeweza asijitese. Msafiri ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine (Al-Baqarah 2:185). Mzee na mwenye kisukari waitumie ruhusa hiyo mapema, wasingoje kuzidiwa. Adhuhuri na Alasiri anaweza kuzikusanya na kuzipunguza, rakaa mbili mbili.

Wallaahu a'lam.