Mbwa anakohoa: Je, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama ni nimonia?

Mbwa ana siku ya tatu anakohoa. Chakula hagusi, amejilaza tu pembeni, na akipumua mbavu zinapanda na kushuka haraka haraka. Mwenye mbwa anafika kwa daktari wa mifugo na swali moja: hii ni nimonia au siyo?

Swali ni fupi, ila jibu lake linasumbua hata madaktari wazoefu. Mbwa anaweza kukohoa kwa sababu ya bakteria kwenye mapafu, lakini pia kwa sababu ya virusi, mzio, minyoo inayoishi kwenye moyo, au moyo uliochoka ambao umesababisha maji kujaa mapafuni.

Kukosea hapa ni hatari. Mbwa mwenye tatizo la moyo akipewa antibayotiki peke yake, anapoteza saa ambazo hana. Na mwenye nimonia ya bakteria akichukuliwa kuwa ana kikohozi cha kupita, anaweza kufa.

Ndiyo maana madaktari wa mifugo wameanza kutegemea zaidi kipimo cha damu kiitwacho CRP.

CRP ni nini hasa?

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Mbwa akiwa mzima, kiwango chake kwenye damu huwa kidogo sana. Bakteria wakivamia mwili, au tishu zikiumia vibaya, ini hupata taarifa na kuanza kuimwaga kwa wingi.

Kwa mbwa mambo haya hutokea haraka. Ndani ya saa chache kiwango huanza kupanda, na kwa kawaida hufika juu kabisa baada ya siku moja au mbili. Chanzo kikidhibitiwa, hushuka haraka vilevile.

Kuna jambo la kuvutia kwenye historia yake. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 na watafiti William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, walipokuwa wakichunguza damu ya watu waliougua nimonia. Herufi C kwenye jina lake inatokana na sehemu ya bakteria wa nimonia ambayo protini hiyo iliishika.

Kwa hiyo kipimo kinachomsaidia mbwa leo kilianzia kwenye kitanda cha mgonjwa wa nimonia, binadamu.

Kwa nini daktari asipige eksirei tu?

Eksirei hupigwa, na bado ni muhimu. Shida ni kwamba weupe unaoonekana kwenye picha ya mapafu unaweza kuwa usaha, maji, damu au makovu ya ugonjwa wa muda mrefu. Isitoshe, mwanzoni mwa ugonjwa picha inaweza isionyeshe kitu.

Homa nayo haiaminiki sana. Kuna mbwa wenye nimonia ambao joto lao la mwili ni la kawaida kabisa. Hata idadi ya chembe nyeupe za damu inaweza isipande.

Njia yenye uhakika zaidi ni kuchukua sampuli kutoka ndani ya mapafu. Daktari huingiza maji kidogo ya chumvi kwenye njia ya hewa, huyavuta tena, kisha maabara hutafuta chembe za usaha na kuotesha bakteria. Lakini mara nyingi mbwa lazima alazwe usingizi kwa dawa, na mbwa ambaye tayari anahangaika kupumua anaweza asihimili. Majibu ya kuotesha bakteria nayo huchukua siku kadhaa.

CRP inahitaji damu kidogo tu kutoka mguuni, na kliniki yenye mashine yake hupata majibu siku hiyohiyo.

Watafiti wa Helsinki walichogundua

Moja ya kazi zinazotajwa sana kuhusu suala hili ilifanyika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka 2014, Sanna Viitanen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha CRP ya mbwa wenye nimonia ya bakteria na ya mbwa wenye magonjwa mengine ya kifua.

Tofauti ilikuwa kubwa. Wengi wa mbwa wenye nimonia ya bakteria walikuwa na zaidi ya miligramu 100 za CRP kwa kila lita ya damu. Wale wenye mkamba wa muda mrefu, makovu ya mapafu au maji mapafuni kutokana na moyo, kwa kawaida walikuwa chini sana ya hapo.

Kwa lugha nyepesi: mbwa anayekohoa, anayepumua kwa shida na mwenye CRP iliyopanda sana, nimonia ya bakteria inakuwa mshukiwa namba moja. CRP ikiwa chini, na mbwa ameugua zaidi ya siku moja, daktari ana sababu ya kutafuta kwingine.

Moyo nao una kipimo chake cha damu, kiitwacho NT-proBNP, ambacho hupanda misuli ya moyo inapoelemewa. Vipimo hivi viwili vikisomwa pamoja na eksirei, daktari anapata picha iliyo wazi zaidi.

Dawa wiki tatu au tano?

Faida ya pili ya CRP inaonekana baada ya matibabu kuanza.

Kwa miaka mingi, mbwa mwenye nimonia alipewa antibayotiki kwa wiki nyingi, mara nyingine mpaka eksirei isafike. Lakini picha ya mapafu huchelewa kusafika hata kama bakteria walishakufa. Matokeo yake, mbwa anaendelea kumezeshwa dawa asizozihitaji.

Mwaka 2017 timu hiyohiyo ya Helsinki ilijaribu njia nyingine: baadhi ya mbwa waliachishwa dawa siku chache baada ya CRP kurudi kawaida. Kundi hilo lilitumia antibayotiki kwa takriban siku 21, wakati kundi lililotibiwa kwa mtindo wa zamani lilitumia takriban siku 35. Ugonjwa haukurudi zaidi kwa wale walioacha mapema.

Hizo wiki mbili si kitu kidogo. Zinampunguzia mwenye mbwa gharama, na mbwa anapunguziwa madhara ya dawa kama kutapika na kuharisha. Pia zinapunguza nafasi ya bakteria kuzoea dawa, na usugu huo haubaki kwa mbwa tu. Kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet, usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

CRP haijibu kila kitu

CRP haisemi ugonjwa uko wapi. Inapanda pia mbwa akiwa na usaha kwenye kizazi, kongosho likiumwa, baada ya upasuaji, au kinga ya mwili inapojishambulia yenyewe. Bila eksirei na uchunguzi wa mikono ya daktari, namba peke yake inaweza kupotosha.

Pia haitaji jina la bakteria wala dawa itakayomuua. Na ikipimwa mapema mno, saa chache tu baada ya mbwa kuanza kuugua, inaweza kuwa bado haijapanda.

Kingine, mashine iliyoandaliwa kwa damu ya binadamu haifai hivihivi. Protini ya mbwa haifanani kabisa na ya binadamu, hivyo kipimo lazima kiwe kimethibitishwa kwa mbwa.

Na kwa wenye paka: CRP haiwasaidii, kwa sababu kwa paka hupanda kidogo mno. Wao hupimwa protini nyingine iitwayo SAA.

Dalili za kuangalia nyumbani

Kabla ya kufika kwenye vipimo, kuna jambo ambalo mwenye mbwa anaweza kulifanya bila gharama: kuhesabu pumzi mbwa akiwa amelala usingizi. Kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa mbwa mzima, kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika.

Zikizidi hapo mara kwa mara, fizi zikiwa za bluu au kijivu, mbwa akipumua huku amenyoosha shingo au akigoma kulala chini, hiyo ni dharura. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Jambo la kuepuka ni kumpa dawa za binadamu zilizobaki kabatini. Ibuprofeni na paracetamol zinaweza kumuua mbwa. Na antibayotiki ya kubahatisha inaweza kuficha ugonjwa kwa muda na kumfanya daktari ashindwe kuotesha bakteria aliyekuwa akimtafuta.

Mwenye mbwa akishafika kliniki, aeleze dalili zilianza lini na saa ngapi, na dawa yoyote ambayo mbwa ameshapewa. Bila taarifa hizo, hata namba ya CRP ni vigumu kuisoma sawasawa.