Depo haiponyeshi muhindi wenye maji



Kila mara tunapotembelea depo huku Kivu, tunaulizwa: dawa gani ni nzuri kwa kulinda muhindi? Sisi nasi tunauliza: siku ulipoingia, ulikuwa umekauka? Juu mengi tunayotupa mwezi wa nne yalianza kuharibika siku ya kwanza, pale ku mulango.

Mbegu ni kitu chenye uhai. Ikiwa na maji, inapumua na kutoa joto, na ndani ya gunia joto hilo halina fasi ya kutokea. Hapo ukungu unaota na wadudu wanazaana. Kuna ukungu wenye kutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaharibu ini. Kupika bugali hakuiondoi. Kwa hiyo muhindi wenye ukungu usichanganywe na muzuri, wala usipewe kuku.

Muhindi uingie depo ukiwa na maji yasiyopita 13 kwa mia. Kama hamuna mashini ya kupima, chukueni chupa ya kioo iliyo kavu, yenye kifuniko. Tieni muhindi mpaka robo ya chupa, na vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikiseni dakika moja, kisha mungojee dakika 15. Chumvi ikinata ku kioo, maji yamepita 15 kwa mia: muhindi unarudi ku bashe kuanikwa. Isiponata, bado muume mbegu kwa meno: ile kavu kabisa inavunjika kwa kishindo. Mavuno ya sezoni A, Januari na Februari, yanaomba uangalifu zaidi, maana mvua inaweza kunyesha tena kabla mbegu haijakauka.

Ndani ya depo, gunia zisiguse chini wala ukuta. Zipangwe juu ya paleti ao mbao, na muache njia ya mutu kupita pande zote, ili panya na mvujo wa maji vionekane mapema. Zilizoingia mbele zitoke mbele. Kila juma, mutunza depo aingize mkono katikati ya gunia kadhaa. Akisikia joto, zitolewe zianikwe siku ileile. Kukiwa joto, mududu mwenye kutoboa muhindi anakomaa kwa siku 35 hivi; kungojea miezi miwili ni kumuachia nafasi ya kuzaa na kuzaa tena.

Kuhusu vile vidonge vinavyouzwa sokoni kwa kuua wadudu: vikikutana na hewa yenye unyevu vinatoa gazi yenye kuua mutu pia. Visitumiwe hata kidogo katika nyumba ao depo iliyoshikamana na chumba cha kulala. Ni kazi ya mutu aliyefundishwa, mwenye vifaa vya kujikinga.

Yote hayo yanategemea jambo moja: nani ana haki ya kukataa gunia? Tuliona koperative moja ambapo mutunza depo alijua kama maharagi ya mukubwa fulani yalikuwa na maji. Aliona haya, akayapokea. Yakaharibu na ya jirani zake. Kwa sababu hapakuwa na kaye iliyoandikwa vizuri, hakuna aliyejua hasara ni ya nani. Sezoni iliyofuata, wanamemba wengi waliuza shambani kwa bei ya chini, kuliko kuleta depo. Maharagi yaliyopotea yalikuwa gunia chache. Imani iliyopotea ilikuwa ya koperative nzima.

Basi, katika mukutano wenu kabla ya mavuno, andikeni kanuni hii: kila gunia linapimwa mbele ya mwenyewe, kilo, tarehe na matokeo ya chumvi vinaandikwa ku kaye, mwenyewe anapewa karatasi yake. Na gunia lenye maji linarudi, hata likiwa la prezida. Siku mutunza depo atakapolirudisha bila kuogopa, ndipo depo yenu itakuwa ya wote.