Kifafa cha Jeraha la Kichwa: Miezi ya Kimya Baada ya Ajali (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi ubongo unavyotikisika ndani ya fuvu mtu anapopigwa au kuanguka. Leo tunaingia kwenye jambo ambalo familia nyingi za Karatu na Ngorongoro hulikuta bila kulitarajia: majeruhi amepona, kidonda kimefunga, amerudi shamba au machungani, kisha siku moja anaanguka kifafa.

Chukua kijana wa tarafa ya Sale aliyepanda mti kurina asali. Wabatemi wa Samunge na Digodigo ni warina asali tangu enzi, na mizinga yao hutundikwa juu mtini. Tawi linakatika, anaangukia kichwa, anapoteza fahamu. Anakimbizwa Hospitali ya Wasso, analazwa, anaruhusiwa. Miezi minane baadaye mkono wake wa kushoto unaanza kucheza wenyewe, kwa dakika moja hivi, naye yuko macho anautazama. Safari ya pili mtetemeko unapanda begani hadi usoni, anadondoka, mwili unakakamaa, povu linamtoka. Nyumbani hakuna anayeukumbuka ule mti. Tangu siku ile watu wamelima na kuvuna, na pengine kumekuwa na ugomvi na jirani juu ya zamu ya maji ya mfereji. Basi jirani ndiye anayetuhumiwa.

Kimya hicho cha miezi ndicho kinachopotosha watu, kwa hiyo tukieleze. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kutoka seli moja hadi nyingine. Mahali palipopondeka, seli hufa, na damu iliyovuja huacha chembe za chuma zinazozisumbua seli za jirani. Kovu hujengeka, na seli zilizosalia pembeni mwake huota vijitawi vipya na kuunganika ovyo. Kazi hiyo huchukua wiki, miezi, hata miaka. Siku seli hizo zikifyatua umeme kwa pamoja, mtu huanguka. Mkono wa kushoto wa yule kijana unatuonyesha kovu lilipo: upande wa kulia wa ubongo, unaouongoza mkono huo.

Madaktari hutenganisha mambo mawili. Degedege linalotokea ndani ya siku saba za ajali ni dalili ya jeraha bichi. Bado halijaitwa kifafa, ingawa huongeza uwezekano wa kukipata. Likitokea baada ya wiki hiyo bila sababu nyingine, hata mara moja tu, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kifafa, maana uwezekano wa kujirudia ni mkubwa. Wengi wa watakaokipata huanguka mara ya kwanza ndani ya miaka miwili.

Lakini walioumia kichwa wasikate tamaa. Utafiti mkubwa wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa katika miaka 30 baada ya ajali, walioumia kidogo walipata kifafa wawili hivi katika kila 100, walioumia kiasi wanne, na walioumia vibaya 17. Hatari hupanda sana fuvu likibonyea, damu ikivilia juu ya ubongo, au kitu kikipenya ndani: kati ya askari wa Marekani waliojeruhiwa hivyo Vietnam, nusu walipata kifafa.

Hakuna dawa iliyothibitika kukizuia kifafa hiki kisianze. Jaribio lililochapishwa mwaka 1990 lilionyesha kuwa fenitoini hupunguza degedege la wiki ya kwanza, lakini haizuii kifafa cha baadaye. Kinga iliyobaki ni kutoumia. Lami ya kutoka Wasso hadi Sale imewafaa watu wengi, ila lami pia huongeza mwendo wa bodaboda, na helmeti iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi dereva wala abiria wake.

Si kila kifafa cha ukanda huu ni cha ajali. Tafiti za Andrea Winkler na wenzake katika Hospitali ya Haydom, Mbulu, zilionyesha kuwa viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vinavyoingia ubongoni ni chanzo kikubwa. Tiba za aina hizi mbili hazifanani, hivyo mganga wa zahanati anahitaji kujua historia. Ndugu zangu, karatasi ya kuruhusiwa hospitali msiitupe. Andikeni tarehe ya ajali na muda ambao mgonjwa hakuwa na fahamu, na mmtajie daktari hata ikiwa imepita miaka mitano.

Dawa za kudhibiti kifafa zipo, na fenobabitali ni ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Sharti ni kutoikatisha dawa ghafla. Mgonjwa akiiacha hata kwa siku moja, degedege linaweza kufululiza bila kukoma, na hilo huua. Hapo Samunge, mwaka 2011, maelfu walipanga foleni ya magari kwa kilomita nyingi ili kunywa kikombe cha dawa ya mizizi cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na wako waliotolewa wodini kupelekwa huko. Marehemu mchungaji simhukumu, na anayetaka sala au mizizi ana haki yake. Namsihi tu aendelee kumeza vidonge vyake kila jioni.

Mtu akianguka, mwondoeni karibu na mafiga, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Povu lile ni mate tu, haliambukizi. Wengi wameungua vibaya kwa sababu waliokuwepo waliogopa kuwagusa. Zikipita dakika tano bila degedege kukoma, tafuteni gari.

Wiki ijayo: mtoto mwenye kifafa na shule.